UZI: Kaseti moja, michezo 16. Kujitengenezea kaseti ya Atari 2600 kwa 27C512 (pamoja na joistiki na padeli)

#1 Waya_Thelathini

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa kujitengenezea kaseti (katriji) ya Atari 2600, ile mashine ya zamani ya michezo ya video: chipu moja ya kumbukumbu, EPROM ya 27C512, michezo 16, swichi nne za kuchagulia. Mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaimaliza jioni moja. Ila kuna mtego mmoja, laini ya A12, na huo nitaukalia zaidi ya mengine.

Mdomo wa kaseti wa 2600 una meno 24, safu mbili za 12, umbali wa 2.54 mm kati ya jino na jino. Laini za anwani ni 13 (A0 hadi A12), za data ni 8 (D0 hadi D7), +5V moja na GND mbili. Basi. Hakuna laini ya saa, hakuna ya kuandika wala kusoma, na hakuna laini maalumu ya kuiambia kaseti "sasa zamu yako". Prosesa ya 6507 inaona baiti 8192 tu. Nusu ya chini ni ya TIA (chipu ya picha na sauti) na RIOT (chipu ya RAM, taima na kusoma joistiki na swichi), nusu ya juu ni ya kaseti. Kwa hiyo A12 ndiyo inayoita: ikiwa 1 kaseti inajibu, ikiwa 0 kaseti inanyamaza.

Hapo ndipo penye shida. Chipu za kiwandani za kaseti hizi zilitengenezwa ziamke zikipata 1. EPROM ya 27C512 huamka ikipata 0 kwenye mguu wa 20. Ukiunganisha A12 moja kwa moja na mguu wa 20, chipu italala wakati inaitwa na itapiga kelele wakati TIA inazungumza. Ndiyo maana lazima geti la kugeuza 1 kuwa 0 (74LS04) likae katikati.

Vifaa:
- 27C512 moja, ya 200 ns au chini ya hapo
- 74LS04 moja (74HC04 pia inafaa)
- soketi ya miguu 28
- swichi ndogo za DIP, nne kwa pamoja
- rezista 10k nne
- kapasita 100 nF mbili (zimeandikwa 104)
- waya mwembamba wa AWG 30
- bodi ya kaseti iliyokufa, ya mchezo wa kawaida. Usivunje kaseti adimu kwa kazi hii.

Nyaya, kutoka meno ya kaseti kwenda 27C512:
- A0 hadi A7: miguu 10, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3 kwa mfuatano huo
- A8 mguu 25, A9 mguu 24, A10 mguu 21, A11 mguu 23
- D0, D1, D2: miguu 11, 12, 13
- D3 hadi D7: miguu 15 hadi 19
- +5V mguu 28, GND mguu 14, na mguu 22 nao uende GND
- A12 ya mashine iingie mguu 1 wa 74LS04, itoke mguu 2, iende mguu 20 wa EPROM

Kwenye 74LS04, mguu 14 ni +5V na wa 7 ni GND. Miguu 3, 5, 9, 11 na 13 ni viingilio visivyotumika, vipeleke GND. Ukitumia HC usiviache vikining'inia hata kidogo, vitaokota kelele na chipu itapata moto bila sababu. Kapasita moja ikae kati ya +5V na GND ya EPROM, nyingine kwenye 74LS04, karibu kabisa na miguu.

Swichi: miguu 2, 26, 27 na 1 ya EPROM (yaani A12, A13, A14, A15 ZA EPROM) kila mmoja upandishwe +5V kwa rezista yake ya 10k, na kila mmoja uwe na swichi ya kuushusha GND. Swichi ikiwa ON laini ni 0, ikiwa OFF ni 1. Zote ON ni mchezo wa kwanza, zote OFF ni wa kumi na sita. Mfano: mchezo uliokaa 0x9000 kwenye faili ni namba 9 (namba zinaanzia 0, kwa hiyo ni wa kumi), yaani 1001. A15 iwe OFF, A14 ON, A13 ON, A12 OFF.

Michezo: weka ile inayotolewa bure na waandishi wake, uliyoandika mwenyewe kwa batari Basic au DASM (programu za kuandikia michezo ya 2600), au nakala ya kaseti unayoimiliki. Iwe ya 2K au 4K tu. Kila faili ijaribu kwanza ndani ya Stella (programu inayoiga 2600 kwenye kompyuta) kabla ya kugusa chipu.

#2 Bi_Saketi

Asante mkuu, ramani imeeleweka. Swali: badala ya 74LS04 nzima kwa ajili ya geti moja, transista ya NPN kama 2N3904 haitoshi? Rezista kwenye besi, nyingine kwenye kolekta, imegeuza.

#3 MguuWaIshirini

Dada, itageuza, ila itageuza kwa kuchelewa upande mmoja. Transista ikishashiba huchukua muda kufunguka, na baada ya kufunguka mguu wa 20 unapandishwa na rezista ya kolekta peke yake, taratibu. Maana yake EPROM inachelewa kuachia laini za data. Prosesa imeshahamia anwani ya TIA au RIOT, nayo RIOT inataka kujibu, na EPROM bado imeshikilia laini zile zile.

Matokeo yake hutaona skrini nyeusi ya moja kwa moja ambayo ungeitafutia dawa. Utaona mchezo unaowaka vizuri, kisha joistiki inajisogeza yenyewe, au alama zinaharibika mashine ikipata joto. Kosa la namna hiyo linakula siku nzima. Mzunguko mmoja wa 6507 ni kama 840 ns, 74LS04 inakula 10 hadi 15 tu kati ya hizo. Weka geti.

Nafasi ikiwa ndogo, ilaze 74LS04 chali juu ya EPROM, miguu juu, kwa gundi au tepu ya pande mbili, na ulehemu nyaya moja kwa moja kwenye miguu. Ila usifunike dirisha la kioo kabla hujahakikisha chipu imeandikwa sawasawa.

#4 Waya_Thelathini

Sehemu ya faili, maana nayo inasumbua.

Faili la mwisho lazima liwe baiti 65,536 kamili. Pungufu au zaidi kwa baiti moja, kuna kitu kimeharibika. Kila mchezo unachukua baiti 4096. Mchezo wa 2K uandikwe mara mbili mfululizo ili ujaze 4096.

Sababu ya kuurudia: prosesa ikiwashwa huenda kusoma anwani ya kuanzia kwenye baiti za karibu na mwisho, 0xFFC na 0xFFD za kila kipande cha 4K. Ukiweka 2K kwenye nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili tupu, prosesa inakuta FF FF pale na inapotea njia. Na ukisahau kuurudia bila kujaza chochote, michezo YOTE inayofuata inasogea kwa baiti 2048, kwa hiyo kaseti inafanya kazi hadi pale penye mchezo wa 2K na kufa kuanzia hapo. Ukiona dalili hiyo, usiguse pasi. Kosa ni la faili.

Linux:

cat m05.bin m05.bin > m05_4k.bin (kwa wa 2K, kisha uubadilishe jina urudi m05.bin)
cat m*.bin > yote.bin

Yape majina m00 hadi m15, sifuri ya mbele ni muhimu, la sivyo m10 itatangulia m2.

Windows:

copy /b m00.bin+m01.bin+m02.bin (endelea hadi m15.bin) yote.bin

Hiyo /b isisahaulike. Bila hiyo, Windows inaunganisha kana kwamba ni maandishi, na ikikutana na baiti ya 1A inadhani faili limeisha na kukata papo hapo.

Kisha fungua yote.bin kwa kihariri cha heksa na ukague 0x0FFC, 0x1FFC, 0x2FFC na kuendelea. Mara nyingi utaona 00 F0. Si lazima iwe hiyo, lakini tarakimu ya kwanza ya baiti ya pili lazima iwe witiri: 1, 3, 5, 7, 9, B, D au F, kwa sababu ndizo anwani ambazo A12 ni 1. Ukiona FF FF au shufwa kama 00 40, kipande hicho kimekaa vibaya. Ukaguzi huu ni dakika mbili na unaokoa kufuta chipu.

#5 KasetiNyeusi

Wakuu, msaada. Kaseti inawaka, lakini inaleta michezo minane tu, ile ya 1, 3, 5 hadi 15. Swichi za A13, A14 na A15 zinabadilisha vizuri. Swichi ya A12 ikiwa ON skrini inakuwa nyeusi moja kwa moja, ikiwa OFF mchezo unarudi. Nimebadilisha swichi, hali ni ile ile.

#6 MguuWaIshirini

Umeunganisha A12 ya mashine na A12 ya EPROM, mguu wa 2. Ni mtego ule ule. Majina yanafanana ila ni laini mbili zisizojuana.

EPROM inaamshwa pale tu A12 ya mashine ikiwa 1. Kwa hiyo kama mguu wa 2 umeshikana nayo, kila inaposomwa unaona 1, na 1 kwenye tarakimu ya mwisho ni namba witiri tu. Ukiwasha swichi unashusha A12 ya mashine nzima GND, prosesa haiwezi tena kuita kaseti, skrini nyeusi.

Zima, toa EPROM kwenye soketi, weka mita kwenye mlio. Ncha moja kwenye jino la A12, nyingine kwenye mguu wa 2 wa soketi. Italia. Kata waya huo. Jino la A12 linatakiwa kulia na mguu wa 1 wa 74LS04 peke yake, kusiwe na kingine chochote.

Na usiwashe mashine mara nyingi katika hali hiyo, unalazimisha laini ya prosesa iende GND kwa nguvu.

#7 KasetiNyeusi

Imelia kama ulivyosema. Waya umekatwa, michezo yote 16 inakuja. Shukrani mkuu.

Jingine: nikibadilisha swichi mashine ikiwa imewaka inaganda, hata nikibonyeza RESET. Ni kawaida?

#8 Waya_Thelathini

Ni kawaida. RESET ya 2600 haifiki kwenye prosesa. Ni swichi ambayo mchezo wenyewe unaisoma kupitia RIOT, sawa na SELECT. Mchezo ukishapotea hakuna wa kuisoma. Zima, badilisha, washa.

Anayetaka kitu kizuri zaidi ya DIP anaweza kuweka swichi ya kuzungusha yenye nafasi 16. Zipo za aina mbili. Ya kawaida, nafasi 0 inaacha laini zote wazi. Kwa mpango wetu wa kupandisha +5V hiyo inatoa 1111, kwa hiyo nafasi 0 inaleta mchezo wa mwisho na mpangilio wote unageuka nyuma. Ama nunua ile ya kinyume, ama geuza mpango: rezista zishuke GND na mguu wa pamoja wa swichi uende +5V.

#9 Risasi_60_40

Nachangia upande wa chipu zenyewe, maana wengi wanakwama hapo.

Bodi mama za zamani za kompyuta, 386 na 486, mara nyingi zina BIOS kwenye 27C512 yenye dirisha la kioo, imekaa kwenye soketi. Itoe taratibu kwa bisibisi bapa, inua pande zote mbili kidogo kidogo, miguu yake hukatika kirahisi. Hiyo inafutwa kwa mwanga wa UV-C wa 254 nm, dakika 15 hadi 20, taa ikiwa kama sentimita 2.5 juu ya dirisha. Toa kwanza gundi yote ya stika kwa spiriti, gundi inazuia mwanga.

Taa ya kukagulia noti haifuti. Taa ya kukaushia kucha haifuti. Zote ziko 365 nm kwenda juu, unaweza kuiacha chipu chini yake wiki nzima na data ikabaki. Inayotakiwa ni taa ya kuulia vijidudu, na hiyo inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo ikae ndani ya sanduku lililofungwa, hakuna kuchungulia.

Ukimaliza kuandika, bandika kipande cha foili au stika nyeusi juu ya dirisha.

Asiye na taa anunue W27C512 ya Winbond. Mpangilio wa miguu ni ule ule, ila inafutwa kwa umeme. Kufuta kunahitaji 14V na kuandika 12V, kwa hiyo hakikisha kifaa chako cha kuandikia kinafika huko. TL866II Plus na T48 zinaiweza. Zinazouzwa kwa bei ya chini sana nyingi ni zilizotumika na kupigwa chapa upya. Kabla ya yote soma kitambulisho chake: Winbond inatoa DA 08. Ikitoa kingine, hiyo chipu si inayosemwa juu ya mgongo wake. Kisha ifute na ukague kama ni tupu, ndipo uandike.

Rezista, soketi, swichi za DIP na 74LS04 ziulizie maduka ya spea za elektroniki, Kariakoo au Luthuli Avenue.

#10 Bi_Saketi

Kuhusu kuondoa chipu ya zamani kwenye bodi na kutumia matundu yake: nafuata namba za miguu ya chipu ile ile?

#11 MguuWaIshirini

Usifuate chipu, fuata meno. Chipu za zamani zina miguu 24 na bodi zinatofautiana mahali A11 na A12 zinapoangukia. Chukua jino, weka mita, tafuta linakofika.

Kujua upande: GND mbili ziko kona zinazokabiliana kimshazari, moja kila uso wa bodi. Uso wenye +5V, jino la mwisho ni GND, linalofuata ni +5V, halafu A8, A9, A11, A10, A12, D7, D6, D5, D4, D3. Uso wa pili unaanza GND, D2, D1, D0, kisha A0 hadi A7. Angalia kuwa A11 iko kabla ya A10, wengi wanazigeuza. Ukizigeuza mchezo hauwaki kabisa au unawaka na picha zilizochanganyika.

Na risasi isiguse sehemu ya meno inayoingia kwenye mashine. Tone dogo tu la risasi pale linapanua chemchemi za mdomo wa mashine, na baadaye kaseti nyembamba hazishiki tena. Lehemu waya juu zaidi, kwenye njia ya shaba. Kwa wanaoagiza bodi mpya: unene 1.6 mm, meno yapakwe dhahabu, ukingo uchongwe mteremko.

#12 Tumbatu_64K

Je, mchezo wa NTSC (mfumo wa TV wa Marekani) kwenye mashine ya PAL (mfumo wa TV wa huku) utakwenda polepole? TV zetu nyingi za zamani huku ni PAL, na michezo mingi ya bure ni NTSC.

#13 Waya_Thelathini

Kwenye mashine nyingine jibu lingekuwa ndiyo. Kwenye 2600 mambo ni tofauti: mashine haihesabu mistari ya skrini, mchezo wenyewe ndio unaohesabu. Mchezo wa NTSC unachora mistari 262, wa PAL 312. Ukiweka wa NTSC kwenye mashine ya PAL bado utachora 262, kwa hiyo unatoa karibu picha 59 kwa sekunde. Kasi inabaki karibu ile ile. Kinachoharibika ni rangi, kwa sababu jedwali la rangi la TIA ya PAL ni tofauti, na baadhi ya TV zitazungusha picha au kuisukuma juu. Waandishi wengi wa michezo ya bure hutoa faili mbili, chukua la PAL.

#14 Tumbatu_64K

Na michezo ya 8K? Naona nafasi ipo kwenye chipu.

#15 MguuWaIshirini

Nafasi ipo, akili haipo. Mchezo wa 8K wa aina ya F8 unabadilisha kurasa kwa kugusa anwani 1FF8 na 1FF9. Lazima pawe na kitu kinachotambua anwani hizo na kukumbuka ipi iliguswa mwisho. Kwa chipu za mantiki inawezekana, geti kubwa la NAND na flip-flop ya 7474, lakini nyaya zinakuwa nyingi. 16K za F6 zinaongeza anwani mbili zaidi, na zingine zina RAM ya baiti 128 ndani ya kaseti.

Anayetaka hizo aache EPROM aende kwenye bodi ya STM32F4 (chipu yenye prosesa yake ndani), kuna mradi wa wazi uitwao UnoCart unaotumia STM32F407. Prosesa yake inatazama A12 na kujibu ndani ya mzunguko mmoja. Miguu yake mingi inavumilia 5V, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. RP2040 (chipu ya Raspberry Pi Pico) ni ya 3.3V, ukiiunganisha bila kibadilisha volti unaiweka hatarini.

#16 KasetiNyeusi

Tugeukie joistiki. Ya kwangu raba zake zimekwisha, nataka kujenga ya mikroswichi.

#17 Risasi_60_40

Ni rahisi kuliko kaseti. Plagi ya DE-9 (ya miguu 9): mguu 1 juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kufyatua, 8 ni GND. Kila mikroswichi, mguu mmoja kwenye laini yake, mwingine GND. Hakuna rezista wala chipu. Tumia miguu ya COM na NO ya mikroswichi. Ukishika NC kila upande utakuwa umebonyezwa hadi uuguse. Namba za plagi zimeandikwa ndogo kwenye plastiki, zisome hapo hapo, kwa nyuma zinageuka kama kwenye kioo.

Padeli (kidhibiti cha kuzungusha) ni potenshiometa mbili za 1M, za mstari sawa, zilizoandikwa B1M. Mguu wa kati na mmoja wa pembeni ndiyo inayotumika: +5V inatoka mguu 7 wa plagi, padeli ya kwanza inarudi mguu 9, ya pili mguu 5. Vitufe vyake vinakwenda mguu 4 na 3 dhidi ya GND. Ukiweka 500k, mchezaji atafika nusu ya skrini tu. Ukiweka ya A, yaani ya sauti, upande mmoja utakwenda polepole na mwingine utaruka. Ikiruka-ruka ukiwa umeishika imetulia, ni uchafu juu ya njia ya kaboni: puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye tundu lake, izungushe mwisho hadi mwisho mara 30, iache ikauke kabla ya kuwasha.

#18 Bi_Saketi

Padi ya Sega Mega Drive inaingia kwenye tundu lile lile. Inafaa?

#19 Risasi_60_40

Inafanya kazi, B inakuwa kitufe cha kufyatua, ila usiichomeke hivyo hivyo. Padi ya Sega inategemea +5V kwenye mguu 5, na mguu 7 kwake ni laini ya kuchagulia. Atari inatoa +5V kwenye 7, na mguu 5 ni wa padeli. Kwa hiyo chipu ya ndani ya padi haina umeme wake halali, inaishi kwa kinachovuja kupitia mguu wa kuchagulia.

Tengeneza kebo fupi ya katikati: 1, 2, 3, 4, 6 na 8 zipite moja kwa moja. +5V ya mguu 7 wa Atari iende mguu 5 NA mguu 7 wa padi. Mguu 5 wa Atari uachwe wazi, usiunganishwe na chochote. Kabla ya kuchomeka padi, washa mashine na upime kwenye upande wa padi: kati ya 5 na 8 iwe 5V, kati ya 7 na 8 iwe 5V.